Khutba: Mtoto Anapoondokewa na Mwenzake

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetia mapenzi ndani ya nyoyo za waja wake bila ya wao kuyanunua, akawajaalia wanaadamu kuwa wenye kuzoeana na kuliwazana. Tunamshukuru, tunamtaka msaada, na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola, mteremshie rehema na amani yeye, na jamaa zake, na Sahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu tumche Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri, katika mambo makubwa na katika yale tunayoyadhani kuwa madogo. Leo nakusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa dogo.

Hakuna mwezi upitao katika mitaa yetu ila kuna nyumba inayohamwa. Mtumishi amepata barua ya uhamisho. Mwenye nyumba ameitaka nyumba yake. Mume na mke wameachana, na mama anarejea kwao pamoja na wanawe. Baba amepata kazi Muscat au Dubai, na sasa anawaita watu wake. Lori linasimama mlangoni, vitanda vinafunguliwa, magodoro yanafungwa kamba, na watu wazima wanahesabu masanduku na masufuria yao wasije wakasahau kitu. Pembeni, karibu na ukuta, wamesimama watoto wawili ambao hakuna anayewahesabu. Mmoja atapanda lori na mwingine atabaki barazani. Wamekua pamoja, wamekula sahani moja, wamesoma juzuu moja kwa kupokezana, na kila mmoja anaijua sauti ya mwenzake nyuma ya mlango kabla hajabisha hodi.

Lori likishakwenda, yule aliyebaki hula kidogo na hulala mapema. Chuoni huketi pale pale alipozoea kuketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja juu ya mkeka. Mama humwambia, "Nyamaza mwanangu, utapata rafiki mwingine." Baba, ambaye ameshughulika na mambo yake, hucheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya watoto, yatapita.

Ndugu zangu katika imani, hapo ndipo nitakapo tusimame kidogo tujitazame. Mtu mzima akifiwa au akiondokewa na mpendwa wake, ni nani katika sisi anayethubutu kwenda kumpa mkono na kumwambia, "Usijali, utapata mwingine"? Tungemwona mtu huyo hana adabu. Basi neno tunaloona haya kumwambia mkubwa, kwa nini tunaliona linamfaa mdogo, ambaye moyo wake haujapata kuzoea kuondokewa?

Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, hakwenda mwendo huo. Sahaba Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo, mwana wa Bi Ummu Sulaim, aliyeitwa Abu Umair. Mtoto huyo alikuwa na kidege kidogo alichokuwa akicheza nacho, na kidege kile kikafa. Mtume alipoingia nyumbani kwao alimwona mtoto amehuzunika, akauliza ana nini, akaelezwa. Basi akamkabili mtoto mwenyewe, akamwita kwa jina lake la heshima la Abu Umair kama aitwavyo mtu mzima, na akamuuliza habari za kidege chake. Katika yaliyotufikia hatuoni kwamba alimwambia atapata kidege kingine, wala hatuoni kwamba alimkemea kwa kulilia ndege. Alimuuliza, na kumuuliza mtu juu ya kile alichokipoteza ni kumpa mlango wa kusema. Wanazuoni hawakuidharau Hadithi hii kwa udogo wa kidege. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, alikusanya faida sitini kutokana nayo. Ikiwa mwanachuoni mmoja alipata faida sitini katika huzuni ya mtoto juu ya ndege, sisi tusikose hata moja katika huzuni ya mtoto juu ya mwanaadamu mwenzake!

Na huzuni si upungufu wa imani. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe. Wanawe walimlaumu, naye akawajibu kwamba mashitaka yake anayapeleka kwa Mola wake. Kama baba mtu mzima, tena Nabii, aliruhusiwa kulia miaka, mtoto wa miaka minane asinyimwe wiki mbili.

Pengine atasema msemaji: Mapenzi ya watoto hayana mizizi, leo wanapendana, kesho wanagombania gololi. Nami namjibu kwa habari iliyomo katika vitabu vya sira. Bwana wetu Muhammad alilelewa utotoni katika jangwa la Bani Saad, kwa mlezi wake Bi Halima. Bi Halima alikuwa na binti akiitwa Shaimaa, mkubwa kuliko Mtume, ambaye alikuwa akimbeba, akimchezesha, na kumtazama mama yake anapokuwa na kazi. Kisha Muhammad akarudishwa Makka kwa mama yake, angali mtoto wa miaka michache tu. Miaka ikapita. Akapewa Utume, akahama Makka, akapigana vita, akaifungua Makka. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, ambao ni mwaka 630, vikatokea vita vya Hunain dhidi ya Hawazin, na Bani Saad ni katika hao Hawazin. Miongoni mwa mateka alikuwamo mwanamke mtu mzima aliyewaambia askari kwamba yeye ni dada wa kunyonya wa Mtume wao. Hawakumsadiki mpaka walipomfikisha mbele yake. Mtume alimuuliza alama ya maneno hayo. Akamwonyesha kovu la meno, pale alipomng'ata mwenyewe alipokuwa mtoto naye amembeba.

Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita tangu utoto ule. Mbele yake palikuwa na maelfu ya mateka, ngawira isiyohesabika, na makabila yaliyokuwa yakimngoja aseme neno. Na Mtume wa Mwenyezi Mungu aliijua alama ile. Alitandika joho lake mwenyewe chini, akamketisha juu yake, na akamhiyarisha: akipenda abaki naye katika mapenzi na heshima, na akipenda arejee kwa watu wake pamoja na zawadi. Shaimaa akachagua kurejea kwao, naye akampa na akamwacha aende. Basi anayesema kwamba mapenzi ya utotoni hayana mizizi, na alitazame joho lile lililotandikwa.

Tazameni pia namna alivyomhiyarisha. Hakumshikilia kwa sababu ya kumpenda. Aliyekua naye alikuwa sasa na kwao kwingine, na Mtume akaliheshimu jambo hilo. Hili nalo mtoto huweza kufundishwa, kwamba mwenzake atapata mtaa mpya, chuo kipya na marafiki wengine, na kwamba hilo halimtoi yeye katika moyo wa mwenzake. Lakini atafundishwa na nani, ikiwa sisi wazazi hatulioni kuwa ni jambo la kufundisha?

Sasa nataka kusema na wazazi juu ya ahadi, kwa kuwa hapa ndipo tunapokosea zaidi. Lori linapoondoka na mtoto analia, sisi humwambia neno la kumnyamazisha: "Likizo tutakwenda kumwona." "Iddi watakuja." "Nitampigia simu baba yake leo usiku." Mdomo unasema, na moyo haukukusudia kitu. Sahaba Abdillahi bin Amir alisimulia kwamba siku moja, alipokuwa mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume alikuwa ameketi nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, lingeandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Ikiwa tende moja inaandikwa, itakuwaje safari nzima ya likizo? Mtoto anahesabu siku. Anakuuliza mara ya kwanza, unamwambia kesho. Anakuuliza mara ya pili, unamkemea. Mara ya tatu haulizi tena. Usidhani amesahau. Amejua thamani ya neno lako, na ujuzi huo atabaki nao hata siku utakapomwambia habari ya Sala na ya Akhera.

Kama hamna uwezo wa safari, semeni kweli. "Ni mbali, mwanangu, nauli hatuna, lakini namba yao ninayo na Ijumaa baada ya Sala tutawapigia." Kisha pigeni.

Wazee wetu wa Mombasa, Voi, Moshi na Tanga wanazijua habari hizi kwa namna ya pekee. Kwa Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967, Kenya, Uganda na Tanzania zilifunga Jumuiya moja iliyokuwa na makao yake makuu Arusha. Shirika la Reli lilikuwa moja, makao yake Nairobi. La Bandari moja, makao yake Dar es Salaam. La Posta na Simu moja, makao yake Kampala. Watumishi walipelekwa huku na huku, na watoto wao wakakulia katika nyumba za Reli na za Bandari, mlango kwa mlango, bila ya kujua nani Mkenya na nani Mtanzania. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ikavunjika. Watumishi wakarejea kila mmoja katika nchi yake, na watoto wakafuata wazazi. Mpaka haukufunguliwa ila mwezi wa Novemba 1983. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ulipofungwa, siku ulipofunguliwa alikuwa amekaribia miaka kumi na mitano. Amekwisha baleghe na Sala imemlazimu.

Sisemi habari hii ili kuwalaumu waliotawala; Mwenyezi Mungu ndiye atakayewahesabu kwa lao, na sisi kwa letu. Nauliza jambo jingine. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha mwezi wa Novemba 1999. Leo basi linaondoka Tanga asubuhi na siku hiyo hiyo linafika Mombasa. Katika wale watoto wa nyumba za Reli, ambao leo ni mababu na mabibi, wangapi walipanda basi wakaenda kuulizana? Serikali zilifunga njia kwa miaka ile na kisha zikaifungua. Miaka yote iliyofuata ni nani aliyeifunga? Yupo katika nyinyi anayelikumbuka jina la mwenzake wa utotoni, jina la baba yake, na mtaa waliohamia. Amwulize, angali hai.

Na watoto wetu wa leo wana wepesi ambao sisi hatukuwa nao. Simu imo mfukoni mwa kila mzazi, na sauti na sura ya mtu inafika Muscat au Toronto kabla chai haijapoa. Hata hivyo watoto wanapotezana, kwa sababu mzazi alibadilisha laini na hakuwaambia majirani wa zamani, au kwa sababu baba wa huyu na baba wa yule walikosana juu ya kodi au mpaka wa kiwanja, na watoto wakarithishwa ugomvi wasioujua. Abdillahi bin Omar alikutana njiani na bedui mmoja, akampandisha juu ya punda aliyekuwa akimpanda yeye mwenyewe, na akampa kilemba cha kichwani pake. Wenziwe walistaajabu, wakaona bedui yule angeridhika na kidogo. Akawaeleza kwamba baba wa mtu huyo alikuwa rafiki wa Sayyidna Omar, na kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa katika wema ulio bora ni mtu kuwaunga wale waliopendana na baba yake. Hivyo ndivyo walivyorithishana mapenzi. Tusiwaachie watoto wetu urithi wa kinyume chake.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

(Khatibu huketi kidogo, kisha husimama kwa khutba ya pili.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Enyi Waislamu, mimbari hii ninayosimama juu yake ina kisa chake, nacho kinaingia katika maneno yetu. Kabla ya kutengenezewa mimbari, Bwana Mtume alikuwa akihutubu akiegemea gogo la mtende. Ilipotengenezwa mimbari na ikafika Ijumaa, akalipita lile gogo akapanda mimbari. Jabir bin Abdillahi amesimulia kwamba gogo lilipiga ukelele kama aliavyo mtoto. Mtume akashuka, akalikumbatia, nalo likawa linagugumia kama mtoto anayebembelezwa, mpaka likatulia. Msikiti ulikuwa umejaa watu wanaongoja khutba, na Mtume akashuka kwa ajili ya gogo. Hakurudi kuliegemea, mimbari ilibaki kuwa mimbari. Lakini hakuendelea na khutba mpaka alipolinyamazisha kwa mkono wake.

Nanyi wazazi mnaohama, lazima yenu ya kuhama inabaki pale pale, maana riziki imewaita na hapana budi. Yaliyo katika uwezo wenu ni kushuka kidogo. Mwambieni mtoto mapema, asije akajua kwa kuliona lori. Mpeni siku ya kuagana: aende kwa mwenzake, wale pamoja, arudishe alichoazima na achukue chake, na kama wana juzuu moja ya shirika, waamue wenyewe nani abaki nayo. Mpelekeni kwa mwalimu wake wa chuo amwombe radhi na dua. Sisi watu wazima hatusafiri bila ya kuagana na kusameheana, kwa kuwa hatujui kama tutaonana. Na umri wa mtoto haukuwekewa dhamana zaidi kuliko wa mzee. Mtume alipomwaga msafiri alikuwa akimkabidhi kwa Mwenyezi Mungu dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake. Wafundisheni watoto wawekeane mikono na kukabidhiana hivyo. Watayasema maneno hayo kwa haya na kwa kicheko, na wayaseme hivyo hivyo.

Na nyinyi walimu wa vyuo na madrasa, jicho lenu liwe kwa mtoto mgeni aliyeingia katikati ya mwaka. Huyo naye ameacha mtu huko alikotoka. Sahaba wa Mtume walipohamia Madina, Bilal alishikwa na homa, na katika homa yake alikuwa akitaja mabonde na majani ya Makka, mji uliomtesa. Mtume hakumlaumu kwa kuikumbuka Makka akiwa Madina. Aliomba dua, Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Na hakuishia katika dua, bali aliwafunga udugu, Muhajiri mmoja na Mwansari mmoja. Basi mgeni akija, usimwambie tu "kaa pale." Mketishe karibu na mtoto fulani kwa jina lake, umwambie yule mwenyeji kwamba huyu ni amana yako. Pengine mwenyeji huyo ndiye yule aliyeacha nafasi tupu juu ya mkeka. Usimlazimishe siku ya kwanza. Mpe wiki.

Nanyi watoto mnaotusikiliza majumbani kwa redio, mmeketi karibu na mama zenu: mwenzako amehama, na huna nauli wala simu. Unacho kitu kimoja ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Bwana Mtume ametujulisha kwamba Mwislamu anapomwombea ndugu yake asiyekuwapo, husimama kichwani pake Malaika aliyewekwa kwa kazi hiyo, naye huitikia Amin na humwombea mwombaji mfano wa yale aliyoyaomba. Leo baada ya Magharibi mtaje mwenzako kwa jina lake na jina la baba yake. Mwombee afya, mwombee afahamu masomo yake, mwombee apate katika mtaa wake mpya mtu wa kucheza naye. Hilo la mwisho litakuwa zito kulisema. Liseme.

Ewe Mola wetu, waghufirie Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, waliohai katika wao na waliokufa. Ewe Mola, wahifadhi walio njiani, barani na baharini, na uwafikishe salama waendako. Wape wahamaji majirani wema, na wape wenyeji nyoyo za kupokea. Ewe Mola, wakutanishe waliotenganishwa na mipaka, na talaka, na vita, na kutafuta riziki. Na wale ambao hukuwaandikia kukutana hapa duniani, wakutanishe chini ya kivuli cha Arshi yako. Zitie subira nyoyo za watoto wetu, na utupe sisi wazazi wao ulimi wa kweli tunapowaahidi.

Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Simamisheni Sala.